Ba'mdogo kakosea grupu

UKOO WA BIBI, KIRUMBA
Jumamosi

Ba'mdogo Sele 20:14
Rehema mwanangu. Nina jambo la siri kidogo. Leo siku ya nne nikienda haja kubwa naona damu, nyekundu kabisa. Usimwambie mtu

Hamisi 20:15
Ba'mdogo hapa ni grupu la ukoo 😭

Ba'mdogo Sele 20:15
[Ujumbe huu umefutwa]

Shangazi Zuhura 20:17
Unafuta nini na tumeshasoma wote. Pole Sele. Hiyo bawasiri. Menya punje ya kitunguu swaumu uweke hukohuko ulale nayo

Hamisi 20:18
Mi nadhani ameba. Akanunue Flagyl tu

Rehema 20:24
Shikamooni. Nilikuwa nakabidhi zamu. Shangazi, kitunguu hapana, kitamuunguza bure. Na ameba haiji hivyo, inakuja na kuharisha, makamasi, tumbo linasokota. Ba'mdogo, siri imeshatoka basi nijibu hapahapa. Damu imechanganyika na choo au iko juujuu? Unaumia?

Ba'mdogo Sele 20:29
Iko juu kama mstari, na kwenye karatasi. Kuuma kunauma, kama nimepitisha wembe. Nikishamaliza panawaka karibu saa nzima. Choo chenyewe kigumu, cha mbuzi. Safari hii ya Dar siku tatu chipsi na mishkaki, maji sinywi maana nikinywa nitasimamisha lori kila kichaka

Rehema 20:33
Umeshajijibu. Inafanana na mpasuko, choo kigumu kimechana ngozi ya pale mlangoni. Bawasiri za ndani mara nyingi zinatoa damu bila maumivu. Ila nasema "inafanana". Sijakuona. Hapa mtaani kila damu ya huko inaitwa bawasiri na hakuna aliyechungulia

Shangazi Zuhura 20:34
Sasa afanyeje, maana kitunguu umekikataa

Rehema 20:38
Beseni. Maji ya uvuguvugu akalie dakika 10 hadi 15, mara mbili tatu kwa siku, na kila akitoka chooni. Maji matupu, msitie chumvi wala Dettol

Rehema 20:39
Maji ya kunywa chupa iwe pembeni ya usukani. Sembe apumzike, ale dona, maharage, matembele, papai. Aongeze polepole, akijaza maharage siku moja tumbo litamjaa gesi atanilaumu mimi. Haja ikimwita aende, asiibane mpaka Singida. Akifika asikamue, wala asikae na simu

Hamisi 20:40
Hapo kwenye simu umemgusa

Ba'mdogo Sele 20:41
Wewe subiri tuonane

Rehema 20:44
Ikipita wiki mbili damu bado inakuja, twende ukaonwe. Kidole kitaingia Ba'mdogo, ni dakika moja, usikimbie. Na upime choo pia, wewe umekulia ziwani unavua dagaa, kichocho cha tumbo nacho kinatoa damu. Ukianza kukonda, au choo kibadilike bila sababu, usisubiri hizo wiki. Damu ikimwagika bila kukata, mabonge, kizunguzungu, hapo usiku huohuo

Bibi 20:52
[sauti 1:07]

Shangazi Zuhura 20:55
Bando langu limekata, Mama kasema nini?

Hamisi 20:57
Kampa pole Ba'mdogo. Halafu kasema yeye damu hana, ila tangu Alhamisi choo chake cheusi tii, kinanata kama lami na harufu yake si ya kawaida. Na alfajiri akienda kutawadha kizunguzungu kikamshika akaegemea ukuta

Aisha 20:58
Mbona hata mimi changu cheusi?

Rehema 20:58
Wewe ni vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, vina madini ya chuma. Usiviache, waambie tu wakunga. Hamisi! Bibi anameza dawa gani ya magoti?

Hamisi 21:01
Diklofenaki. Asubuhi na jioni, ya duka la dawa hapo kona. Tangu mfungo uishe

Rehema 21:01
Mpeleke hospitali sasa hivi. Asimeze tena hata kimoja. Pakiti ichukue uende nayo

Shangazi Zuhura 21:02
Jamani si mwenye damu ni Sele?

Rehema 21:03
Shangazi, ile ya Bibi NI damu. Imetoka juu, tumboni, ikasagika njiani ndiyo maana nyeusi. Ya Ba'mdogo imetoka mlangoni hata haijapata muda wa kubadilika rangi. Hamisi, bodaboda hapana, ataanguka. Bajaji

Hamisi 21:09
Tumepanda. Anasema amesahau kanga yake nzuri

Hamisi 23:36
Wingi wa damu 6.9. Wanamwongezea chupa mbili, wanataka ndugu wachangie

Ba'mdogo Sele 23:37
Nakuja

Rehema 23:38
Ba'mdogo rudi kwenye beseni. Hamisi na Shangazi mtoe

Jumatatu

Hamisi 13:20
Kamera imeshapita. Kidonda cha tumbo, kilikuwa kinavuja, wamekidhibiti. Wamechukua na kipimo cha bakteria. Daktari ameshika ile pakiti akauliza nani kamwandikia. Bibi kasema jirani

Shangazi Zuhura 13:22
Alhamdulillahi. Jirani ni mimi

Rehema 13:25
🙈 Tutaongea. Magoti yake yatafutiwe dawa nyingine, hapohapo kwa daktari

Ba'mdogo Sele 13:31
Kwangu leo hakuna damu. Kuuma bado kidogo ila siyo wembe tena

Rehema 13:33
Usiache beseni kwa sababu hiyo. Choo kikirudi kigumu patachanika upya. Na wiki ya pili iko palepale

Bibi 14:02
[sauti 0:19]

Hamisi 14:04
Anauliza kuku wamekula, na anasema Sele asizoee beseni lake la bluu, ni la kuoshea mchele

Ba'mdogo Sele 14:05
😳