Naomba ushauri: shindano la hadithi darasa la tano

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, huku Rungwe. Darasa la tano nina wanafunzi 74. Muhula uliopita nilianzisha shindano la kuandika hadithi, zawadi ni daftari kubwa na kalamu mbili, nanunua mwenyewe.

Mwanzoni walichangamka kweli. Kufika mara ya tatu washindi ni walewale, na wengine wananakili hadithi za sungura na fisi kutoka kitabuni.

Kinachoniuma zaidi ni binti mmoja. Aliandika nusu ukurasa tu, nukta hakuna, kuhusu bibi yake anayechuma chai asubuhi ukungu haujainuka, anaimba ili mjukuu ajue yuko mstari gani. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Lakini kwa alama za tahajia alishika mkia, na tangu siku hiyo haandiki. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyepanga alama vile.

Walimu wenzangu, mnishauri. Tahajia niiondoe kabisa kwenye alama, nisahihishe baadaye? Au niache kutafuta mshindi, kila Ijumaa nisome hadithi tatu mbele ya darasa? Nimewaza pia wasimulie kwanza kwa mdomo, hata kwa Kinyakyusa, ndipo waandike kwa Kiswahili, maana wengi nyumbani wanaongea Kinyakyusa. Aliyewahi kujaribu, aliwapimaje?

Na huyu binti nimrudishe vipi kwenye kuandika bila kumwaibisha mbele ya wenzake?