Barua pepe zangu zimefungiwa kwa kosa la mpangaji mwenzangu wa mtandaoni, na kila ninayemlalamikia ananirusha kwa mwingine

Wakuu, habari za jioni. Mniwie radhi, uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuzipunguza.

Nina kakampuni kadogo ka utalii hapa Moshi. Tunapandisha wageni mlimani, wengi wao Wajerumani na Waholanzi, vikundi vya kuhesabika tu kwa mwaka. Mwezi uliopita mama mmoja wa Ujerumani aliulizia Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku 7, watu 4: yeye, mumewe na watoto wao wawili wakubwa. Tukamjibu siku hiyohiyo. Kimya. Siku ya tatu akaandika tena kuuliza kama tulipata ujumbe wake. Tukajibu tena, safari hii na profoma (ankara ya awali) tukaiambatisha. Siku ya saba ukaja mstari mmoja: asanteni, nimeshapata kampuni nyingine inayojibu wageni wake.

Inayojibu! Majibu yangu mawili yako pale kwenye folda ya zilizotumwa, yana tarehe na saa. Nikamwita binti wa ofisini nikaanza kumfokea (nimeshamwomba msamaha, hakuwa na kosa). Tukapekua kila mahali, na kwenye folda ya barua taka ndiko tulikokuta taarifa mbili za kukataliwa. Yaani hata habari kwamba nimeonekana mtuma taka, nayo ilikuwa imetupwa takataka.

Taarifa yenyewe: namba 550, halafu maneno kwamba anwani yetu ya IP (namba inayotambulisha kompyuta inayotutumia barua) imo kwenye orodha nyeusi fulani, yaani orodha ya IP zinazodaiwa kumwaga barua taka. Kwa msiojua, seva za barua, yaani kompyuta zinazotuma na kupokea barua, zina lugha yao. Jibu likianza na 4 maana yake jaribu tena baadaye. Likianza na 5, usirudi.

Na namna wanavyokukataa ndiyo inayouma. Seva ya mpokeaji inaona IP inayobisha hodi, inazigeuza namba zake nyuma mbele, inawauliza wenye orodha kupitia DNS (ile saraka ya majina na namba za intaneti): huyu yumo? Ikijibiwa 127.0.0.2 au mfano wake, maana yake yumo, mlango umefungwa. Barua haijafunguliwa, kichwa chake hakijasomwa. SPF, DKIM na DMARC zangu, vile vithibitisho kwamba barua imetoka kwangu kweli, zote ziko sawa. Nilihangaika nazo mwaka 2024 Google na Yahoo walipobana masharti. Hazikunisaidia chochote, kwa sababu sikufika hata hatua ya kukaguliwa.

Sasa hiyo IP si yangu peke yangu. Tuko kwenye seva ya kuchangia, tovuti nyingi kwenye kompyuta moja na IP moja, ile ya bei nafuu ambayo wengi humu mnaitumia. Nikaiingiza IP kwenye zana ya kuonyesha nani mwingine yumo, nikahesabu tovuti zaidi ya 300: duka la simu, shule ya awali, kanisa, dalali wa viwanja, mganga wa tiba asili. Mmoja wao WordPress yake (programu ya kuendeshea tovuti) haijaguswa miaka, ikadukuliwa, ikawa inamwaga matangazo ya vidonge usiku kucha. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo chumba cha uani wanapika gongo. Polisi wakija wanapiga kufuli geti kubwa, na wewe uliyekuwa kibaruani unarudi jioni unakuta watoto wamekaa nje na sufuria zako ziko ndani.

Haya, nianze kulalamika. Watoa huduma ya barua wa yule mama wana anwani maalumu ya kupokea malalamiko. Nikawaandikia kwa adabu zote. Ikarudi: 550. Malalamiko ya kufungiwa mlango yanapitia mlango uleule! Nikawaandikia kwa Gmail yangu binafsi, mashine ikajibu: wasiliana na wenye orodha. Wenye orodha wana fomu, na swali la kwanza ni kama wewe ndiye mmiliki wa IP. Si mimi. Basi mwambie mmiliki. Mmiliki ni kampuni inayotuhifadhia tovuti, wakanifungulia tiketi: "Ndugu mteja, tunalifanyia kazi, subiri saa 48." Saa 48 zikaisha, zikazaa 48 nyingine. Siku ya sita wakasema tumesafishwa. Siku ya nane tumo tena, kwa sababu pale kwenye tovuti iliyodukuliwa walibadilisha nywila tu, faili lenyewe la wadukuzi wakaliacha ndani. Hiyo ni kazi au kiini macho?

Katika kupekua nikagundua tumo pia kwenye orodha ya pili. Hawa ndio kiboko. Hawafungii IP moja, wanafungia mtandao mzima wa kampuni, maelfu ya IP kwa mpigo, wenye kosa na wasio na kosa. Ukitaka kutoka, subiri siku 7 bila tukio jipya, au lipa utoke haraka. Lipa! Kuna waraka wa wataalamu wa intaneti, RFC 6471 wa mwaka 2012, unasema wazi kabisa kwamba orodha za aina hii zisitoze ada ya kumwondoa mtu wala ya kumharakishia. Ni miongozo tu, hakuna wa kuwashurutisha, kwa hiyo kibanda chao cha ushuru kiko barabarani mchana kweupe.

Najua kuna atakayesema, si utumie hiyo Gmail? Nilitumia. Nilimwandikia yule mama nikamweleza yote. Akajibu kwa upole kwamba ameonywa asitume advansi ya safari kwa mtu mwenye anwani ya bure. Na ana haki. Ningekuwa yeye, nami nisingetuma.

Sisemi orodha hizi zifutwe. Tangu miaka ya 1990 zipo, na bila hizo tungezama kwenye uchafu. Lakini ile barua ilikuwa yake, aliiomba mwenyewe, na hakuna aliyemwambia kwamba ilifika mlangoni ikafukuzwa. Wangeitupia kwenye folda yake ya taka, angeiona. Wao wakanyamaza, mhuni nikaonekana mimi. Na kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba leo asubuhi nimepokea barua ya kushinda bahati nasibu ambayo sijawahi kucheza, imetoka kwenye anwani ya bure ya kampuni kubwa la Marekani. Hao nani atathubutu kuwafungia? Nusu ya dunia ingekosa barua.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Nikilipia IP yangu peke yangu, kuna uhakika gani kwamba aliyekuwa nayo kabla hakuiharibu? Au kuna anayepitisha barua zake kwa kampuni za kusambaza barua, na je, bei yake inabebeka kwa mtu anayetuma barua 20 kwa siku? Wa kuniambia "nunua seva yako mwenyewe" apite kimya, nishamsikia.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Wenye seva wametuhamishia IP nyingine. Nimemtumia barua jamaa yangu aliyeko Hamburg, anatumia watoa huduma walewale wa yule mama. Ameipata, tena kwenye kikasha chenyewe. Nimeiingiza IP mpya kwenye ile zana nione majirani. Wako 211. Wa kwanza kabisa kwenye orodha anauza dawa za nguvu za kiume.