Semista ndo inaisha hivyo, nyie mlitokaje?

Mgeni_wa_Hosteli: Wakuu kwema? Mi mwaka wa kwanza, UE (mitihani ya mwisho wa semista) zinaanza Jumatatu nimekaa naangalia koswek yangu (maksi za testi na kazi za semista) 22 kati ya 40 najiuliza semista nzima nilikuwa wapi. Boom (hela ya mkopo wa chuo) lilivyoingia nilikula chipsi kuku wiki mbili kama mfalme, saivi ni maharage ya kukopa kwa mama ntilie, na form six tulikuwa tunaamshwa na kengele, huku hata ukilala mpaka saa sita mchana hakuna anayekuuliza.

Keri_Mbili: Hahaha karibu chuo dogo. 22 mbona freshi, ukipiga 35 kwenye UE una 57, sapu (mtihani wa kurudia ukifeli) huioni. Mi nlikuwa na 14! Komaa na pasti pepa (mitihani ya miaka ya nyuma) tu.

DadaMwakaWaTatu: Usimdanganye mwenzio, pasti pepa tupu ndo zilinirudisha chuo kufanya sapu wenzangu wako kwao wanakula mahindi. Mdogo wangu tafuta diskasheni ya watu watatu wanne, ile ya kumi mnaishia kupiga stori. Na mama ntilie umlipe.

Mgeni_wa_Hosteli: Nimemlipa nusu dada 😅 diskasheni naanza leo saa mbili usiku.