Wajukuu wa Bibi Somoe 🌳 (gumzo la Jumatatu usiku, Newala)

Rukia, 19:02
Asalaam aleikum wanaukoo. Lori la kupeleka mzigo chama cha ushirika linapita Alhamisi asubuhi. Anayetaka korosho zake ziwahi mnada wa wiki ijayo aseme leo ana gunia ngapi. Jumamosi niliuliza mkakaa kimya.

Rukia, 19:03
Na ziwe kavu. Sitaki ya mwaka jana.

Rukia, 19:41
Wamesoma watu 19. Mikono imekatika?

Fadhili, 19:44
Mikono ina mafuta ya ganda dada, simu inateleza 😂

Rukia, 19:45
Gunia ngapi Fadhili.

Fadhili, 19:45
Mbili na nusu. Hiyo nusu ni mabibo 😂😂

Mwanahamisi (Dar), 19:58
Dada Rukia mie naona tungesubiri kidogo. Mnada wa kwanza hawa wanunuzi wanatupima imani tu. 2018 si walikuja na 1,900 mpaka 2,700 kwa kilo, watu wakakataa, Serikali ikanunua kwa 3,300?

Rukia, 20:01
Na walioipata hiyo 3,300 waliipata lini? Kuna watu walifunga mwaka wanangoja uhakiki. Mwana, bei itapanda kwa sababu gani? Nitajie kitu kitakachoipandisha, usiniambie imani.

Saidi Bandarini, 20:15
Dada Mwana, bei haizaliwi Newala. Mnunuzi anaanza na dola atakayolipwa na kiwanda cha Vietnam au India, halafu anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ghala letu. Chukulia anauza tani moja dola 1,600 ikiwa melini. Dola ikiwa 2,500, hiyo ni 4,000 kwa kilo.

Saidi Bandarini, 20:17
Ushuru wa kutoa korosho ghafi, zenye ganda, nje ni 15%, toa 600. Lori, makuli, magunia, riba ya benki na faida yake, weka 250. Imebaki 3,150. Hapo ndipo mkono wake unapoishia mnadani, hata umtukane. Na makato ya chama na ghala bado hayajaguswa.

Saidi Bandarini, 20:19
Sasa dola ishuke mpaka 2,400. Kule Vietnam bei ni ile ile 1,600. Piga upya: 3,840, toa 576, toa 250. Unapata 3,014. Kila kilo imepungua 136 na hakuna aliyekuibia. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipoimarika si mliona?

Mwanahamisi (Dar), 20:21
Kwa hiyo shilingi ikipata nguvu mkulima analia?

Fadhili, 20:21
Shilingi yangu mie haijawahi kupata nguvu, sijui nalia kwa nini 😂

Saidi Bandarini, 20:24
Anayeuza nje ndivyo ilivyo. Halafu kuna kalenda. Sisi tunavuna Oktoba hadi Januari, wakati Kodivaa na wenzao wa Afrika Magharibi wameshamaliza. Viwanda vinataka ghafi mpya, tuko sisi. Februari wale wanaanza kuvuna, na mzigo wao ni mkubwa mno kuliko wetu. Ikifika katikati ya Desemba mnunuzi anahesabu siku za meli: nikichukua sasa, nitashusha kabla ya wale au pamoja nao? Ndiyo maana mwisho wa msimu wanapungua mnadani, wengine hawaandiki bei kabisa.

Rukia, 20:26
MMESIKIA. Na Desemba mvua hiyo hapo. Utaanika wapi, kitandani?

Fadhili, 20:27
Kitandani kwa Issa pana nafasi tangu shemeji aende kwao 🤣

Rukia, 20:27
Fadhili.

Baba Mdogo Hamisi, 20:40
Nimesoma. Saidi amesema kweli ila amesahau paundi, yaani uzito wa kiini kinachopatikana kwenye gunia. Wanaokagua mzigo wanachota sampuli ya kilo moja, wanakata korosho moja moja katikati, wanapima kiini. Kiini kizuri kinahesabiwa chote, chenye madoa kinahesabiwa nusu, kilichooza hakihesabiwi. Ukipata gramu 284 kwenye kilo, hiyo ni paundi 50 kwa gunia la kilo 80. Ukipata 267 ni paundi 47. Mtu mwenye kiwanda anajua tofauti ya paundi tatu ni punje ngapi nyeupe nzima amekosa, na hizo nzima ndizo zinazomlipa. Vipande anauza kwa bei nyingine.

Baba Mdogo Hamisi, 20:44
Paundi zinashuka hivi: korosho changa iliyopigwa fimbo kabla haijaanguka yenyewe. Mti ulionyimwa dawa ya salfa ukaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Bibo lililobanduliwa vibaya, nyama imebaki kitakoni inaleta ukungu. Na kubwa kuliko zote, unyevu. Mwisho ni 10%. Gunia bichi linapata joto ndani kwa ndani, ukikata kiini kimekuwa rangi ya chai.

Baba Mdogo Hamisi, 20:46
Siku mbili tatu za jua, geuza. Tikisa karibu na sikio usikie kiini kinagonga. Bonyeza ganda kwa ukucha, ukiona alama rudisha uwanjani.

Rukia, 20:49
Ahsante baba mdogo. Na mzigo wa ghala unauzwa kwa pamoja. Gunia sita za mtu mmoja zikiwa mbichi zinatushusha wote. Sitaji mtu.

Issa, 20:52
Taja tu.

Issa, 20:55
Zikauke zisikauke wanakata. Mwaka jana chama kilinipimia kilo 400, ghalani ikasoma 387. Kilo 13 zimekwenda wapi? Wanaita unyaufu. Jina zuri sana.

Baba Mdogo Hamisi, 21:03
Ulipeleka na unyevu gani?

Issa, 21:03
Nitajuaje, mimi ni mashine?

Baba Mdogo Hamisi, 21:07
Ukipeleka ikiwa na 11% ikakaa mpaka ikafika 8%, kilo 400 zinakuwa 387. Piga mwenyewe: 400 mara 89 gawa kwa 92. Hayo ni maji, Issa. Ila sikatai, penye mzani pana mengi. Simama mpaka namba itulie, isome wewe, ndipo usaini.

Issa, 21:10
Sawa mmeshinda. Lakini kuna kijana wa pikipiki anatoa 2,300 taslimu, leo leo, anachukua na mbichi. Hakuna makato wala kungoja benki.

Rukia, 21:11
KANGOMBA?? Mnunuzi wa magendo? Issa kopo lake lile la kupimia halijawahi kuonana na Wakala wa Vipimo. Anachukua mbichi kwa sababu atazichanganya na kavu za wengine azipitishe kwa jina la mkulima fulani. Zikikataliwa ghalani zinarudi kwa nani? Na wakikukamata?

Saidi Bandarini, 21:13
Akikupa 2,300 ujue ameshaona atauza zaidi ya hapo. Hajui kutoa sadaka.

Issa, 21:14
Ada za shule hazingoji mnada.

Rukia, 21:15
Taslimu. Kama zile za mwaka wa bati?

Issa, 21:15
Rukia tusianze.

Mwanahamisi (Dar), 21:16
Jamani 🙏🏾

Rukia, 21:18
Sianzi. Akaunti ilikuwa ya nani? Malipo ya kwanza tuligawana, ya pili tuligawana, yale ya mwisho, majaliwa, yalipoingia tukaambiwa chama hakijalipa. Halafu nyumba moja tu ikaezekwa.

Issa, 21:19
Yale bati nilinunua kwa hela ya ufuta!!! Nimesema mara mia.

Fadhili, 21:20
Ufuta wa mwaka gani huo, maana mwaka ule panya walikula wote 😂

Zuhura, 21:34
Shikamooni. Niko na bibi hapa. Nimemsomea yote. Anasema niandike hivi alivyosema.

Zuhura, 21:37
"Mikorosho ya bondeni aliipanda babu yenu na jembe la mkono, hakuna mmoja wenu aliyekuwepo. Mwaka wa bati nilinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa na msiba. Sikusahau. Mwaka huu gunia za bondeni zitaandikwa kwa jina la Rukia, na Hamisi asimame kwenye mzani. Hela ikiingia, iletwe uwanjani kwangu igawanywe nikiona. Zisiende kwa mtu wa kopo, hata moja. Issa ni mwanangu, chake atapewa."

Zuhura, 21:38
Basi. Amelala.

Baba Mdogo Hamisi, 21:52
Tumesikia mama.

Mwanahamisi (Dar), 21:53
🙏🏾

Rukia, 22:05
Haya. Bondeni tumehesabu gunia 14, mie na Zuhura. Fadhili 2. Nauli ya lori tutagawana kwa gunia. Turubai la kuanikia liko kwa nani? Kesho na keshokutwa ndiyo jua tulilonalo.

Rukia, 22:06
Issa?

Issa, 22:31
Za bondeni nimekubali. Zangu za kule juu gunia sita nitaamua mwenyewe.

Rukia, 22:32
Bibi amesema hata moja.

Saidi Bandarini, 22:40
Issa kaa na hizo sita mpaka bei ya mnada itangazwe, ndipo ulinganishe na huyo wa pikipiki. Tofauti ya 500 tu kwa kilo 480 ni 240,000. Hiyo ada ya muhula.

*Issa amesoma.*

Mjomba Chilumba, 23:17
Samahani nilikuwa mashambani mtandao hakuna. Mimi ninazo nne. Nimeshazifunga kwenye salfeti, ile mifuko ya plastiki, tangu Ijumaa, ziko tayari.

Rukia, 23:18
Salfeti mjomba?? Zinatoa jasho mle, na ghala halipokei, ni gunia la jute tu. Zifungue sasa hivi, zimwage sakafuni.

Mjomba Chilumba, 23:24
Sasa hivi usiku? Na hilo turubai mlisema liko kwa nani?