Kufunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu: dawa au njaa?

Karabai: Wakuu, mnakumbuka 2024 ziwa lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Kongo, Burundi na Zambia, ili dagaa na migebuka wazaliane. Mimi naunga mkono, tena ingekuwa minne. Wavuvi wetu nao, hela ya usiku inaishia kilabuni nyavu hazijakauka.

MamaMwaloni: Kilabuni? Miaka 18 nanunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Huyo unayemsema anadaiwa injini, anadaiwa taa, na watoto wanasubiri ada. Mbalamwezi ikitoka analala nyumbani kwa sababu dagaa hawafuati taa. Ziwa linajifunga lenyewe kila mwezi, bila waraka.

Mzamiaji: Dada, hiyo ya mbalamwezi nimeipenda. Ila kokoro, ule wavu wa kukokota, halijali mwezi. Linakokotwa hadi ufukweni, kwenye maji ya kina kifupi ambako vifaranga wanakulia, na kwa matundu yale madogo hata kisicho na jina kinanaswa. Halafu kuna joto: maji ya juu yakipata moto hayachanganyiki na ya chini yenye rutuba, chakula cha dagaa kinapungua. Hilo hulifungi kwa miezi mitatu.

Karabai: Sikusema wote wanakunywa.

MamaMwaloni: "Wavuvi wetu." Panda juu ujisome.

Karabai: Basi baadhi. Mama una hasira kama mgebuka ndoanoni.

MamaMwaloni: Na wewe umewahi kumshika mgebuka, au unamjua akiwa sahanini?

KijanaSengerema: Kelele zote hizi kwa dagaa wa Kigoma? Dagaa wako Mwanza, jamani.

MamaMwaloni: Wale wa kuanikwa mchangani? Unakula ugali huku unasaga kokoto. Wa kwetu walichukuliwa miaka ya 1960 wakapandikizwa Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, huko wanaitwa kapenta. Wa kwenu nani aliwaomba?

KijanaSengerema: Kongo wanawabeba kwa malori! Na siku hizi tuna vichanja vya kuanikia.

Karabai: Vichanja viwili mwalo mzima 😂

Mzamiaji: Nimetaja habari ya kokoro, naona mmeruka.

MamaMwaloni: Kokoro si langu, kaka. Mwenyewe yumo humu anasoma kimya tangu asubuhi, muulize. Wewe Sengerema usikimbie, mchanga hatujaumaliza.