Anwani ya mwanzo ya saiti kwenye PHP: HTTP_HOST, SERVER_NAME ama niiandike kwa konfigi?

fundi_kisauni
Salaam aleikum wanajamvi. Nina saiti ya gesti moja huku Nyali, naiandika kwa PHP tupu bila fremuweki. Kwa laptopu iko localhost/gesti, kwa seva iko kwenye domeni yake bila folda. Nilikuwa nimeandika localhost/gesti kila mahali, jana nimeipandisha picha zote zikapotea na kitufe cha kubuku chumba kikawa champeleka mtu localhost, mwenye gesti akanipigia simu hata chai sijanywa. Sasa nataka kodi yenyewe ijue iko wapi. Kati ya hizo njia tatu za kwenye kichwa (HTTP_HOST na SERVER_NAME ni sehemu ambazo PHP yasoma jina la saiti kila ombi likija, konfigi ni faili la mipangilio) nyinyi mwatumia ipi na kwa nini?

mwana_tudor
Waaleikum salaam. HTTP_HOST kaka. Waangalia HTTPS kama ipo na si "off" waweka https, la sivyo http, waunganisha na HTTP_HOST, folda waitoa kwa dirname ya SCRIPT_NAME, yaani folda ya faili la PHP linaloendeshwa. Poti kama 8080 yaja humo humo. Mimi saiti zangu zote ziko hivyo na hazijanisumbua.

bi_likoni
Mwana_tudor hapo kwa folda angalia, ukiiita ndani ya admin/ingia.php utapata gesti/admin, si gesti. Yafanya kazi tu kama kila kitu chapitia index.php moja.

Lakini kubwa zaidi ni hili: HTTP_HOST si maneno ya seva yako, ni kile alichotuma mtu kwenye heda ya Host (jina la saiti linalokuja na kila ombi), na mtu aweza kutuma analotaka. Nilikuwa na saiti ya chama cha akina mama, fomu ya kusahau paswadi ilikuwa yaunda linki kwa HTTP_HOST. Mtu akaijaza kwa imeli ya mweka hazina huku Host ameweka domeni yake mwenyewe. Seva ikaitikia, ikatuma imeli halali kutoka kwetu, tokeni (namba ya siri ya kubadilisha paswadi) ni ya kweli, ila linki inaelekea kwake. Bahati mama yule alinipigia kwanza kuuliza mbona jina la saiti limebadilika. Angebonyeza tu tokeni ishaenda na akaunti imeshikwa. Tangu siku hiyo chochote kinachotoka nje kwa imeli ama SMS anwani yake natoa kwa konfigi, sibahatishi.

mwana_tudor
Subhanallah, hilo sikulijua wallahi. Basi SERVER_NAME si itakuwa salama, hiyo si ni ya seva?

bi_likoni
Yategemea seva ndugu yangu. Seva ya Apache ukiiacha ilivyo, mpangilio wake wa UseCanonicalName uko Off, kwa hivyo SERVER_NAME nayo yachukua kilekile cha Host. Mpaka uuweke On na uandike ServerName. Kwa seva ya nginx mara nyingi yapewa jina la kwanza la server_name, sasa kama uliweka ile alama ya chini "_" linki zako zitakuwa https://_/vyumba na utakaa mchana kutwa watafuta kosa liko wapi.

shababi_bamburi
Na bado kuna mambo ya proksi. Kama mbele ya seva yako kuna proksi (seva ya kati inayopokea maombi kwanza) inayomaliza HTTPS, PHP yaona http tupu. Mimi niliweka sharti la kurusha kila mtu kwa https, brauza ikazunguka weee mpaka ikakata tamaa, kwa sababu kila ombi lafika ndani likiwa http. Dawa ni kusoma X-Forwarded-Proto, heda ambayo proksi yasema mtu alikuja kwa http ama https, LAKINI iamini tu ikiwa ombi latoka kwa IP ya proksi yako, maana hiyo heda pia mtu yeyote aweza kuiandika. Ndiyo sababu fremuweki ya Laravel ina TrustProxies, pa kutaja proksi unazoziamini. Fremuweki ya Django nayo ina ALLOWED_HOSTS, Host isiyo kwenye orodha yapigwa kosa la 400 (ombi baya) hapo hapo, wewe wa PHP tupu hiyo orodha itabidi uiandike mwenyewe.

babu_makupa
Wanangu mmesahau kroni, zile kazi za seva zinazojiendesha zenyewe kwa saa uliyopanga. Kroni haina brauza, kwa hivyo HTTP_HOST haipo kabisa. Mimi risiti za usiku zilitoka na linki http:///risiti/214, mikwaju mitatu na jina hakuna, wateja 60 na kitu. Kwa hiyo konfigi. Na STK ya M-Pesa (ile yamtokea mteja kwa simu aweke PIN alipe) vilevile, ile CallBackURL, anwani ambayo M-Pesa yaleta jibu la malipo, yatakikana iwe anwani ya nje inayofikika, ukiiunda kwa HTTP_HOST ukiwa kwa laptopu utawapa localhost, jibu halitakuja hata ungoje mpaka feri iishe.

Ila nisikufungie, ukiwa na kodi moja inayohudumia domeni kumi, konfigi moja haitoshi. Hapo soma Host kisha ilinganishe na orodha ya domeni zako, isiyokuwemo ikatae.

fundi_kisauni
Shukran sana wakubwa zangu, babu marahaba... yaani shikamoo kwanza 🙏 Nimefanya hivi: faili la konfigi lina anwani nzima, la laptopu mbali na la seva mbali, na halipandi kwa git. Imeli, kroni na M-Pesa zachukua hapo. Picha na linki za ndani nimeweka njia tu bila domeni, folda nayo yatoka konfigi. Picha zimerudi. Kisha nikajaribu curl (programu ya kutuma ombi bila brauza) na Host ya uongo kwa fomu ya paswadi, imeli imekuja na domeni ya gesti.

bi_likoni
Hapo sawa. Angalia tu anwani ya konfigi haiishi na mkwaju, ama utapata //vyumba.