Naomba ushauri: nimsomeje Tess kwa jicho la udhanaishi wa kifeministi?

Binti_Tasnifu: Habari zenu wadau. Naandika tasnifu ya uzamili juu ya Tess of the d'Urbervilles, riwaya ya Thomas Hardy ya 1891, kwa kutumia mawazo ya Simone de Beauvoir, mwanafalsafa wa kifeministi wa Ufaransa. Msimamizi wangu kauliza swali lililonikwamisha. Udhanaishi unasema binadamu yu huru kuchagua, lakini Tess ananajisiwa na Alec, kijana tajiri, anatelekezwa na mumewe Angel, na mwisho ananyongwa kwa kumuua Alec. Uhuru uko wapi? Nikisema alikuwa huru, naogopa kumtwisha lawama za waliomuumiza. Nikisema hakuwa huru, nadharia yangu inabomoka. Nisaidieni.

Mkulima wa Vitabu: Pole na kazi, dada. Swali hilo linamgusa Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa mwenzake wa udhanaishi, katika kitabu chake cha 1943, Being and Nothingness, kuliko de Beauvoir. Katika kitabu chake cha 1949, The Second Sex, de Beauvoir anautazama uhuru ndani ya mazingira ya mtu. Mtu akiridhia mwenyewe kugeuzwa kitu, hilo ni kosa lake. Akigeuzwa na wengine, huo ni ukandamizaji. Anza hapo, hutalazimika kumlaumu Tess wala kumfanya kikaragosi.

MamaKalamu: Naongezea kwa Mkulima. Ingia kwenye matini, mdogo wangu, maana ushahidi umejaa. Shambani, Angel anamwita Artemis na Demeter, majina ya miungu wa Kigiriki. Tess anamwambia amwite kwa jina lake tu, Tess. Hapo ana kwa ana na mwanamume anayempenda, anakataa kuwa picha ya kichwani mwake! Usiku wa harusi Angel anaungama kwanza: saa 48 za uasherati na mwanamke asiyemjua huko London. Tess anamsamehe papo hapo. Tess akieleza yaliyompata kwa Alec, anaambiwa kwamba mwanamke aliyependwa si yeye. Anayejidanganya kuhusu uhuru wake ni Angel, aliyekataa upadri kwa kujiona mtu wa fikra huru, kisha akakimbilia desturi zilezile.

Halafu kuna ubatizo. Mtoto ambaye Tess alimzaa baada ya kunajisiwa na Alec yu mahututi, baba yake Tess kafunga mlango asiingie kasisi. Usiku Tess anawaamsha wadogo zake, anachukua beseni la maji, anambatiza mwanawe mwenyewe na kumpa jina la Sorrow, yaani Huzuni. Kasisi akikataa kumzika mtoto kwa taratibu za kanisa, Tess anamwambia usoni kwamba hatakanyaga tena kanisani kwake. Mimi ningeipa sehemu hiyo sura nzima ya tasnifu. Gazeti la The Graphic, lililoitoa riwaya kwa vipande, liliiacha, kwa hiyo hakikisha unatumia kitabu kamili.

Nyota ya Pwani: Nakubaliana, ila usilifanye tendo la Tess kumuua Alec kuwa kilele cha uhuru wake. Wapo watakaokushawishi, kwa kuwa ni tendo kubwa. Lakini anaua akiwa amebanwa pande zote, na baadaye wanaomkamata Stonehenge, kwenye mawe makubwa ya kale huko Uingereza, anawaambia tu kwamba yuko tayari. Sioni ukombozi pale.

Binti_Tasnifu: Asanteni sana, MamaKalamu umenifungua macho. Na kurudi kwake kwa Alec? Msimamizi atasema hapo aliridhia.

MamaKalamu: Mwambie atazame nyumba. Baba alipokufa, haki ya kuishi pale ilikwisha, na mama na watoto wakatolewa nje na vyombo vyao. Barua ya kumsihi Angel ilikuwa haijajibiwa, naye yuko Brazil. Alec ndiye aliyekuwa na pesa. Andika hayo kwanza, ndipo uulize kama neno kuridhia linafaa.

Mkulima wa Vitabu: Na usisahau Tess alivyokata nyusi zake na kufunga uso kwa leso ili wanaume wasimtazame njiani. Hilo nalo ni chaguo lake.